Mbuzi Watano na Kengele Isiyo na Ulimi: Mahekalu Mawili ya Guangzhou

Nauza vyombo vya jikoni soko la Kibuye, Kisumu, na Guangzhou, China, huwa naenda kufuata mzigo, si kutalii. Safari hii kontena ilichelewa kufungwa, nikawa na siku nzima sina kazi. Mwenzangu wa Kakamega akaniambia, "Dada, tutakodolea dari ya hoteli macho mpaka lini?" Tukatoka kuona mahekalu ya Watao, wafuasi wa dini ya Kichina ya Tao. Nawaandikia nyinyi wafanyabiashara mnaolala mtaa wa Xiaobei kila mwaka na hamjui mmelala karibu na nini.

Tulianza na Wuxian Guan, Hekalu la Wasiokufa Watano. Limejificha katikati ya mitaa ya zamani, na mlangoni hatukuulizwa pesa. Hadithi yake ni kwamba zamani walishuka watu watano wenye mavazi ya rangi tano, kila mmoja juu ya mbuzi, wamebeba masuke ya nafaka. Wakawapa wenyeji masuke yale, wakawaombea wasione njaa tena, wakapaa. Mbuzi wao wakabaki, wakageuka mawe. Ndiyo sababu Guangzhou huitwa Jiji la Mbuzi hadi leo. Mwenzangu alicheka, mimi sikucheka. Nimekulia Seme, karibu na mwamba wa Kit Mikayi, ambapo hadithi husema jiwe ni mke wa kwanza wa mtu. Mbuzi kuwa jiwe ni jambo dogo.

Uani kuna mwamba mwekundu wenye shimo la umbo la wayo, limejaa maji. Ni refu kuliko mkokoteni wa Kibuye. Wenyewe husema mmoja wa wale watano alikanyaga hapo. Wataalamu wa miamba wanasema ni maji ya Mto Zhujiang yaliyochonga, enzi mto ulipofika hadi pale.

Lakini kilichonishika ni kengele. Nyuma kuna mnara wenye kengele ya shaba iliyotengenezwa mwaka 1378, kimo chake kama mita 3, uzito tani 5 hivi. Haina ulimi. Watu waliamini ikilia italeta balaa mjini, basi ikanyamazishwa. Chini ya mnara kuna njia, na darini mwa njia hiyo kuna tundu. Simama hapo uinue uso: mdomo mweusi wa kengele unakutazama. Nilisimama mpaka shingo ikauma, na nakiri sikutaka kukohoa.

Kasoro: hapo hapana ibada ya kuonekana, pamekuwa makumbusho zaidi.

Ibada utaikuta hekalu la pili, Sanyuan Gong, chini ya kilima cha Yuexiu, si mbali na Xiaobei. Unapanda ngazi za mawe (mwenzangu alipumzika mara mbili), ukifika juu moshi wa udi unakupokea kabla ya mtu yeyote. Watawa wamefunga nywele fundo utosini. Hapo huabudiwa miungu iitwayo Maafisa Watatu: wa Mbingu hutoa baraka, wa Ardhi husamehe dhambi, wa Maji huondoa mikosi. Mfanyabiashara ambaye kontena lake liko baharini anajua atapiga goti mbele ya yupi.

Pia kuna kisima cha Bao Gu, mganga wa kike wa karne ya 4, mke wa Ge Hong aliyekuwa mtafuta dawa ya kutokufa. Inasimuliwa alimkuta binti analia kando ya mto kwa sababu uso wake ulijaa vidutu. Akachukua majani yaliyoota kilimani hapo, jamii ya pakanga, akayawasha karibu na ngozi, uso ukasafika. Mume anatafuta kuishi milele, mke anatibu watu. Mimi nilikaa upande wa mke.

Sanyuan ninalipatia nyota tano, Wuxian nne. Yule kijana tuliyemlipa atutembeze simpi hata moja. Kengele aliielezea kwa dakika mbili, kisha akatukalisha saa nzima kwenye duka la chai la rafiki yake. Nilitoka na pakiti moja niliyouziwa kwa bei ya sufuria sita. Iko hapa dukani nyuma ya mizani, bado sijaifungua.