Tathmini ya Audacity: kumpa mtunzi maoni juu ya muziki uliotokana na mchoro

Mtunzi akikuletea kipande chake na kukwambia kimetokana na mchoro fulani, "kizuri sana" haitamsaidia, na "hakijanigusa" itamkatisha tamaa bila kumwonyesha pa kurekebisha. Anachotaka kujua ni kwamba kwenye sekunde fulani kumetokea jambo fulani, na jambo hilo linahusiana, au limeshindwa kuhusiana, na sehemu fulani ya mchoro. Audacity, programu ya bure ya kurekodi na kuhariri sauti iliyotoka mara ya kwanza mwaka 2000, inafanya nusu ya kwanza ya kazi hiyo vizuri sana. Nusu ya pili haiifanyi kabisa, ila pengo hilo linazibika. Tathmini hii inahusu toleo la 3.

Kinachoipa thamani kwa kazi hii ni lebo, yaani maandishi mafupi yanayobandikwa kwenye sekunde fulani ya sauti. Fungua faili la mtunzi, bonyeza upau wa nafasi ili lianze kucheza, na ukisikia jambo bonyeza Ctrl+M (kwenye Mac ni Cmd na nukta). Lebo inatua pale pale sauti ilipofika, wewe unaandika maneno machache huku muziki ukiendelea. Ukitaka lebo ishike kipindi kizima, chagua kipindi hicho kwa kipanya kisha bonyeza Ctrl+B. Kosa linalowapata karibu wote wanaoanza ni kusahau kubonyeza Enter baada ya kuandika. Lebo ikibaki wazi, upau wa nafasi hausimamishi muziki, unaongeza tu nafasi kwenye maandishi. Jambo la pili ni kwamba kidole huchelewa nyuma ya sikio, kwa hiyo lebo nyingi hutua kidogo baada ya tukio lenyewe. Shika kiduara cha lebo uirudishe nyuma. Ukivuta kimshale cha pembeni badala ya kiduara, lebo itanyooka na kuwa kipindi.

Usianze kuweka lebo mara ya kwanza unaposikiliza. Sikiliza kwanza muziki peke yake bila kutazama mchoro, maana muziki lazima usimame wenyewe. Mara ya pili weka mchoro mbele yako. Mara ya tatu ndipo uguse kibodi. Kipande cha dakika tatu kinatosha kupata lebo saba au nane. Zikifika ishirini, mtunzi hatajua lipi ni kubwa na lipi ni dogo.

Sasa lile pengo. Audacity haina mahali pa kuweka picha kando ya sauti. Njia inayofanya kazi ni kugawa mchoro kwa gridi ya miraba tisa, safu A, B na C kutoka juu kwenda chini, na 1, 2, 3 kutoka kushoto kwenda kulia, kisha kuanza kila lebo kwa jina la mraba. Mkubaliane na mtunzi gridi hiyo mapema, na mwombe akupe nakala ile ile ya picha aliyoitumia yeye. Hili si jambo dogo. Mtunzi Mrusi Rachmaninoff aliona "Kisiwa cha Wafu" cha mchoraji Böcklin kwanza kama nakala ya rangi nyeusi na nyeupe mwaka 1907, akamaliza muziki wake mwaka 1909, na baadaye akasema kwamba mchoro wenyewe wenye rangi haukumgusa kwa kiasi kile. Msikilizaji ambaye angemlaumu kwa kuacha rangi angekuwa anapima muziki kwa picha ambayo haikuuzaa.

Chukua mfano wa kipande cha piano, filimbi ya okestra na selo kilichotokana na "Wimbi Kubwa" la msanii wa Japani Hokusai, chapa ya mbao ya mwaka 1831 hivi inayoonyesha wimbi likiwa juu ya mashua za wapiga makasia. Muziki unapanda hadi 1:12, kisha unaanguka kwa kishindo. Lebo dhaifu itasema "kishindo kimezidi". Lebo inayojenga itasema: "A2 – swali: kwenye chapa wimbi bado limening'inia, halijaanguka. Kishindo hiki ni kile anachokiogopa mpiga makasia, au ni kile unachokiona wewe? Jaribu kusimamisha akordi ya 1:10 kwa mapigo manne bila kuimaliza." Maoni hayo hayamlazimishi mtunzi kuifuata picha. Yanamwonyesha kwamba amechagua, na yanampa jambo la kujaribu leo hii. Lebo nyingine inaweza kuuliza Mlima Fuji uko wapi. Pale kwenye mpaka wa B2 na C2 umetulia, mdogo na wa mbali, nao ndio unaolifanya wimbi lionekane kubwa. Kama muziki hauna kitu chochote kilichotulia, hata ukubwa wa wimbi unakosa kipimo. Hilo ni pendekezo zito kuliko yote kwenye kipande hiki, nalo lastahili kuandikwa kwanza.

Baada ya jina la mraba, weka alama ya aina kwenye kila lebo: "nguvu", "swali" au "jaribu". Za "nguvu" zisiwe pambo la kumbembeleza mtu. Zinamwambia mtunzi asiguse pale anapofanya marekebisho.

Kwa kasoro za sauti zenyewe, badilisha mwonekano wa wimbo (mstari wa sauti ndani ya Audacity) uwe spektrogramu, yaani picha inayoonyesha sauti za chini na za juu kadiri muda unavyokwenda. Tuseme filimbi inapotea kati ya 0:40 na 0:55. Noti ya chini kabisa ya filimbi ya okestra kwa kawaida ni Do ya kati, karibu hetzi 262, na huko chini filimbi haina nguvu. Akordi za piano zikikaa kwenye oktava hiyo hiyo zitaifunika. Chagua sekunde hizo, bonyeza L ili zijirudie, usikilize huku ukitazama. Kisha amua: je, kasoro iko kwenye mchanganyo (uwiano wa sauti za ala kwenye rekodi) au kwenye utunzi? Kama muziki utapigwa jukwaani, kumwambia apunguze piano kwa desibeli 3 hakutoshi. Pendekeza filimbi ipande oktava moja au akordi zipunguzwe noti. Ukitaka kujaribu pendekezo la desibeli kabla ya kuliandika, utahitaji faili la kila ala peke yake, yote yakianzia 0:00 hata kama ala inaingia baadaye, la sivyo hayatalingana.

Mtunzi akirudi na toleo la pili, usilinganishe kabla ya kusawazisha ukubwa wa sauti, kwa sababu sikio hupenda chenye sauti kubwa zaidi. Kifaa cha kusawazisha cha Audacity kimewekwa -23 LUFS (kizio cha ukubwa wa sauti kama sikio linavyousikia) tangu mwanzo, na kipimo hicho kinafaa. Kitumie kwenye nakala, wimbo mmoja mmoja, na nakala hizo usimrudishie.

Kutuma maoni ni rahisi. Usitume mradi mzima, kwani sauti ya stereo ya hetzi 44,100 inachukua takriban megabaiti 21 kwa dakika ndani ya mradi. Toa lebo peke yake kama faili la maandishi lenye kilobaiti chache, naye ataliingiza juu ya faili lake. Liite kwa jina la toleo ulilosikiliza. Akiwa amekata hata sekunde mbili za ukimya mwanzoni, lebo zote zitakuwa zimehama. Mwombe pia akupe WAV badala ya MP3, kwa kuwa MP3 huongeza ukimya mfupi mwanzoni.

Kero iliyobaki ni kwamba faili hilo huandika muda kwa sekunde tupu: 72.400000 badala ya 1:12. Ndani ya programu haisumbui. Lakini Audacity haipo kwa simu, na mtunzi anayefanya kazi zake zote kwa simu atapokea safu ya tarakimu zisizosomeka. Kwa huyo, fungua jedwali la kuhariri lebo, ambalo linaonyesha dakika na sekunde, na uzinakili kwa mkono. Kwa lebo nane ni kazi ya dakika chache.