Kioo hakijafa: TV ya zamani, picha iliyomezwa na giza na kipengele kimoja kwenye menyu

"Kioo kimekufa, tafuta TV nyingine." Hayo ni maneno ya fundi niliyemwonyesha TV yangu ya zamani, ambaye hakugusa hata rimoti. Aliitazama picha sekunde chache, akaona nyuso zimemezwa na giza na koti jeusi limekuwa doa moja lisilo na mikunjo, akatoa hukumu. Alipoulizwa kama amekagua menyu, alijibu kwamba menyu ni mambo ya watoto. Imepita miezi kadhaa na hasira haijaisha, kwa sababu kosa lilikuwa kwenye menyu hiyohiyo, na kulirekebisha hakuchukui dakika mbili wala hakuhitaji bisibisi.

Nilikuwa tayari kuipa TV hii nyota moja. Naifuta nyota hiyo, na nitaeleza kwa nini, maana najua ni TV ngapi nzima zinatupwa kwa kosa hili moja.

Picha inayopita kwenye waya wa HDMI ni namba tupu zinazoeleza mwanga wa kila nukta. Kwa video ya biti 8, yaani yenye namba 0 hadi 255, matangazo, DVD na filamu huweka weusi kamili kwenye namba 16 na weupe kamili kwenye 235. Kompyuta huanzia 0 na kuishia 255. Mifumo yote miwili ni halali. Balaa linaanza pale kifaa kinapotuma kwa 0 hadi 255 huku TV ikisoma kwa 16 hadi 235. Kila kilicho chini ya 16 kinakuwa weusi mmoja, na kila kilicho juu ya 235 kinakuwa weupe mmoja. Nywele zinaungana na kivuli kilicho nyuma yake, mawingu yanakuwa karatasi. Ikiwa ni kinyume, yaani kifaa kimetuma 16 hadi 235 na TV ikasoma 0 hadi 255, picha inapata ukungu na weusi unageuka kijivu cha majivu.

Kwa hiyo, kabla ya kulaumu kioo, tazama pande zote mbili za picha, si upande wa giza peke yake. Tafuta shati jeupe, theluji au mawingu. Kama vivuli vimekufa na weupe nao umekuwa bapa, bila mikunjo wala alama, hilo ni tatizo la namba. Kama weupe una kila kitu chake ila picha nzima imefifia, hilo ni tatizo la taa au la kubana matumizi ya umeme. Fundi aliyesomea kazi yake anapaswa kuliona hilo akiwa bado mlangoni.

Kipengele cha kulinganisha namba hizo kinafichwa kana kwamba ni siri. Kwenye TV nyingi za Samsung za zamani kinaitwa "HDMI Black Level", chenye "Low" na "Normal". Kwenye LG ni "Black Level", chenye "Low" na "High". "Low" humaanisha TV isome 16 hadi 235. Kile kingine humaanisha 0 hadi 255. Hakuna mahali panapoeleza hivyo. Mtu akiona picha yake ni giza anakimbilia "High" akidhani anaongeza mwanga, wakati kazi ya kipengele hiki ni kuiambia TV kifaa kinahesabu kuanzia wapi, basi. Akikosea, anapata ukungu, kisha anapunguza mwangaza kuondoa ukungu, kisha anaongeza kontrasti, na baada ya saa moja picha imeharibika kila upande na hakumbuki ilivyokuwa mwanzo.

Njia safi ni kuanzia kwenye kifaa. Kwa filamu na matangazo, weka kifaa na TV vyote kwenye 16 hadi 235, kwa sababu video yenyewe imetengenezwa hivyo tangu mwanzo na kuipanua hakuongezi chochote. Kwenye PlayStation 4 kipengele kinaitwa "RGB Range", chagua "Limited". Kwenye kompyuta, tafuta mipangilio ya kadi ya picha, sehemu ya masafa ya rangi yanayotoka. Ukibadilisha upande mmoja, kagua na ule mwingine palepale, maana kosa la kawaida ni kurekebisha pande zote mbili kwa pamoja na kuhamia kwenye ukungu.

Kuna wakati utakikuta kipengele hicho kimefifia, hakibonyezeki. Hakijaharibika. TV nyingi hukifunga pale kifaa kinapotuma rangi kwa mfumo wa YCbCr (unaotenganisha mwangaza na rangi) badala ya RGB (nyekundu, kijani na buluu), kwa kuwa kwa YCbCr zinachukulia moja kwa moja kwamba weusi uko kwenye 16. Ukibadili kifaa kitume RGB, kitafunguka. Lakini kama tayari ni YCbCr na picha bado ni giza, usipoteze muda hapo, chanzo kiko kwingine.

Deki za zamani zinazotumia nyaya za njano, nyekundu na nyeupe zina mkasa wake unaofanana na huu. Mfumo wa matangazo wa NTSC wa Amerika Kaskazini uliweka weusi kwenye 7.5 IRE (kipimo cha nguvu ya ishara ya video), wa Japani kwenye 0, na PAL, mfumo mwingine wa matangazo, pia kwenye 0. Deki inayotoa weusi kwenye 0 ikichomekwa kwenye TV inayosubiri 7.5, vivuli vinazama. Baadhi ya deki za DVD zina swichi ya weusi ndani ya menyu yake. Itafute kabla ya kugusa TV.

Sasa hili la majina linaniudhi kuliko yote. "Brightness" haiongezi mwanga. Inapandisha na kushusha mahali weusi unapoanzia. "Contrast" ndiyo inayoshughulikia weupe. Anayeongeza mwanga wa kweli kwenye TV ya LCD ni "Backlight", yaani taa zilizo nyuma ya kioo. Walioyapanga majina hayo wamewafanya watu wapandishe "Brightness" hadi 80 wakitafuta mwanga, wakaishia na usiku wenye rangi ya moshi.

Upangaji wenyewe ufanye TV ikiwa imewaka kwa nusu saa, chumba kikiwa na mwanga uleule unaotazamia siku zote. Toka kwenye hali ya "Dynamic", nenda "Movie" au "Standard". Zima kubana umeme, zima kontrasti inayojibadilisha, zima kinachoitwa "Black Tone" au jina linalofanana na hilo. Hicho kinafanya vivuli vizito viwe vizito zaidi kwa makusudi. Kisha weka picha ya majaribio ya PLUGE, ile yenye mistari mitatu ya kijivu karibu na weusi: mmoja uko chini ya weusi kamili, mmoja uko sawa na weusi, mmoja uko juu kidogo. Pandisha "Brightness" hadi uione yote, kisha ishushe pole pole hadi ule wa chini upotee kabisa na ule wa juu ubaki ukionekana kwa shida. Hapo ndipo pake. Ukiishusha zaidi hadi na wa juu upotee, umeanza kula vivuli. Kontrasti ipange kwa mistari ya weupe kwa namna hiyohiyo, ukisimama kabla mstari wa mwisho haujaungana na jirani yake. Gama, yaani jinsi picha inavyopanda kutoka giza kwenda mwanga, iwe 2.2 kwa sebule yenye mwanga, 2.4 inafaa chumba cha giza, na kwenye TV iliyochoka inazidisha uzito wa vivuli.

Baada ya hatua hizo, picha ya TV iliyotangazwa kufa ilionyesha mikunjo ya koti, kingo za nywele na kuta za nyuma ambazo hazikuwahi kuonekana. Kioo nakipa nyota nne bila kusita. Menyu siipi hata moja.

Lakini sitasema fundi kama yule hawezi kuwa sahihi hata siku moja. Giza la taa lipo. TV ikitoa sauti, ikawaka sekunde moja kisha ikawa nyeusi, zima taa za chumba na umulike kioo kwa tochi kwa pembe, karibu kabisa. Ukiona picha hafifu ikitembea, kioo ni kizima na taa za nyuma ndizo zilizoondoka. Taa za LED zimeunganishwa kwa mfululizo kwenye mkanda, kwa hiyo moja ikikatika mkondo unakatika kwa zote za mfululizo huo, na bodi nyingi hujizima kujilinda. Upande mmoja wa picha ukififia na mwingine ukabaki sawa, angalia hapohapo. Badilisha mikanda yote kwa pamoja; ukibadilisha mmoja, mipya na iliyochoka haitoi mwanga ule ule na utafungua tena muda si mrefu. Na ukishabadilisha, usiiweke "Backlight" kwenye 100, kwani joto la kuwashwa kwa nguvu zote ndilo linaloziua. TV za LCD zilizotangulia zinatumia tyubu za fluoresenti zenye inveta (bodi inayozipa volti ya juu), na hizo huchoka taratibu, nyingine zikiwaka na rangi ya waridi dakika za mwanzo.

Kazi hiyo si ya kujaribia. Kapasita kubwa ya bodi ya umeme inaweza kubaki na mamia ya volti hata waya ukiwa umechomolewa, na riboni nyembamba zinazoshika ukingo wa kioo zikichanika, hapo ndipo kioo kinakufa kweli.

TV za chogo zina dawa nyingine: kirekebishi cha "Screen" kwenye flybaki (transfoma ya volti kubwa), kwa kawaida kile cha chini, cha juu kikiwa cha fokasi, yaani ukali wa picha. Kikiwa chini mno vivuli vyote vinazama. Kikiwa juu mno unapata mistari myembamba ya mshazari juu ya picha. Anayekigusa aweke alama ya mahali kilipokuwa, akizungushe kwa unywele, kwa bisibisi isiyopitisha umeme, na ajue kwamba karibu na mkono wake kuna volti zinazofika 25,000. Asiyeijua kazi hiyo aache kifuniko kimefungwa.

Usisahau kihisi cha mwanga wa chumba. Kiko ukingo wa chini, jirani na kipokezi cha rimoti. Kikiwa na vumbi, au spika imewekwa mbele yake, TV inaamini chumba ni giza na kujififisha yenyewe. Kimulike kwa tochi: picha ikipanda mwanga, umempata mwizi. Na kwa zile 4K za mwanzo zinazopokea HDR10 (aina ya HDR, yaani picha yenye tofauti kubwa ya giza na mwanga), kumbuka filamu nyingi za HDR hutayarishwa kwa niti (kipimo cha mwanga wa kioo) 1,000 au 4,000, na TV inayofika 300 inalazimika kuishusha picha yote. Kiambie kifaa kitume picha ya kawaida, isiyo HDR, na giza hilo linaondoka bila kugusa kingine.

Nilisema nyota nne. Nashusha hadi tatu, na si kwa sababu ya kioo. TV hii inahifadhi mipangilio ya kila mlango peke yake. Unapanga HDMI 1 hadi inakaa sawa, unahamisha waya kwenda HDMI 2, giza linarudi lilivyokuwa, na hakuna neno hata moja kwenye menyu linalokuonya.