PSEO ya Minnesota: maoni ya mama aliyempeleka binti chuoni akiwa bado sekondari

Nawaandikia hasa wazazi wenzangu Wakenya wa Brooklyn Park na Brooklyn Center, huku Minnesota, maana kila Sabato baada ya ibada swali huwa lile lile: mtoto yuko darasa la 10, shule inamsukuma aingie masomo ya AP (ya kiwango cha chuo, yanayofundishwa hapo hapo sekondari), jirani anamsifia PSEO (kusoma chuoni akiwa bado sekondari), sasa tushike lipi? Nyumbani kwangu tumepitia yote mawili. Binti yangu alisoma kwa PSEO darasa la 11 na la 12, akamaliza sekondari mwaka 2024. Mdogo wake alikataa katakata kuwaacha wenzake, akachukua AP hapo hapo shuleni. Mimi ningeichagua PSEO tena leo hii. Ila haimfai kila mtoto.

Kwa asiyeijua, PSEO ni mpango wa jimbo la Minnesota ulioanza mwaka 1985, wa kwanza wa aina yake katika jimbo lolote Marekani. Mwanafunzi wa sekondari anakwenda chuo chenyewe, anaketi darasa moja na watu wa chuo, na jimbo linalipa karo, ada na vitabu vya lazima. Vitabu anavirudisha muhula ukiisha. Krediti anazopata, yaani vipimo vya masomo aliyofaulu, zinahesabiwa kotekote: ziko kwenye rekodi ya chuo, na pia zinamsaidia kumaliza sekondari. Krediti 4 za chuo ni sawa na somo la mwaka mzima la shule ya sekondari. Sisi tuliopitia mfumo wa 8-4-4 wa Kenya, tukasubiri mtihani wa KCSE halafu foleni ya mkopo wa HELB, jambo hili linachukua muda kuaminika. Baba yao alikuwa akiuliza bili itakuja lini. Haikuja. Tulichotoa mfukoni ni mafuta ya gari, na hata hayo familia yenye kipato cha chini inaweza kuomba kurudishiwa sehemu yake.

Tofauti kubwa na AP iko hapa. Kwenye AP mtoto anasoma mwaka mzima, halafu mwezi Mei anafanya mtihani mmoja wa shirika la College Board unaopewa alama 1 hadi 5. Ada ya mtihani ni karibu dola 100 kwa kila somo, ingawa mwenye kipato cha chini husaidiwa. Akipata 3, vyuo vya jimbo vya mfumo wa Minnesota State vinampa krediti. Vyuo vingi vya kibinafsi vyenye jina vinataka 4 au 5, na vingine havitoi krediti kabisa. Kijana wangu alifanya kazi nzuri darasani mwaka mzima, siku ya mtihani wa historia akaamka na homa, akapata 2. Mwaka mzima wa kazi, krediti hakuna. Katika PSEO alama inajengwa wiki baada ya wiki, insha, majaribio, kazi za maabara, na akifaulu kozi krediti ni zake.

Lakini hapo hapo ndipo penye hatari. Alama ya chuo haifutiki. Mtoto wa miaka 16 akipata F, hiyo F inakaa kwenye rekodi yake ya chuo na ya sekondari, na akija kuomba chuo kingine wataiona. Kuna jingine ambalo wengi hawalijui: ili kupata msaada wa fedha wa serikali kuu, mwanafunzi lazima aonyeshe anasonga mbele kimasomo, na kozi alizozifeli au kujitoa zinaweza kuhesabiwa dhidi yake. Kwa hiyo mtu aliyeanguka kozi kadhaa akiwa sekondari anaweza kuingia chuo rasmi akiwa tayari ameonywa kuhusu msaada wake. Ni mzigo mkubwa kwa mtoto ambaye bado anahitaji kuamshwa asubuhi.

Na wewe mzazi hutaweza kumwokoa kwa kupiga simu. Mimi nilizoea kumwandikia mwalimu wa sekondari nikiona alama zimeshuka. Chuoni, sheria ya usiri wa rekodi inampa mwanafunzi haki zake mwenyewe, hata kama hajatimiza miaka 18. Profesa hatazungumza nawe bila ruhusa yake ya maandishi. Binti yangu alinieleza hilo kwa heshima, akasema, "Mama, nitakuonyesha mwenyewe kila Ijumaa." Na alionyesha. Kama mtoto wako ni wa kuficha karatasi za mtihani chini ya godoro, tafadhali anza na kozi moja au mbili, zinazobaki azisome shuleni. Inaruhusiwa, si lazima ahame mzima mzima. Na anayehama mzima bado ana haki ya kushiriki michezo na kwaya ya shule yake.

Kuhusu shule yenyewe, nitasema wazi kilichoniudhi. Sheria inazitaka shule ziwape taarifa za PSEO wanafunzi na wazazi kuanzia darasa la 8. Mshauri wa shule yetu hakututajia hata kidogo. Nilisikia kutoka kwa mama mwenzangu tunayefanya naye zamu ya usiku kwenye nyumba ya kulea wazee. Sehemu ya fedha za jimbo humfuata mwanafunzi chuoni, shule ikabaki na kidogo, kwa hiyo usishangae ukiona hawakimbilii kukutangazia. Uliza wewe. Uliza kwa maandishi.

Sasa faida yenyewe, maana nasikia watu wakisema "miaka 2 ya bure" kana kwamba kila mtoto anapunguza miaka 2. Inategemea anasomea nini. Ukiwa na mtoto wa biashara au saikolojia, akamaliza krediti 40 za mtaala wa pamoja wa uhamisho wa Minnesota, vyuo vya umma vya jimbo vinazipokea na anakuwa amepiga hatua kubwa kwenye zile 120 za shahada. Binti yangu anasomea uuguzi, kama nusu ya mabinti wa kanisa letu. Alikwisha maliza kemia, anatomia, saikolojia na uandishi. Hata hivyo masomo ya uuguzi yenyewe na mazoezi ya hospitali yana mpangilio wake, huwezi kuyaruka. Kilichopungua ni mzigo wa kila muhula. Anachukua kozi chache, analala, na alama zake hazijashuka. Kwangu mimi hilo ni kubwa kuliko kumaliza mapema.

Ufadhili pia haukupotea, na hili lilinitia hofu kuliko yote. Nilidhani akiwa na krediti nyingi ataitwa mwanafunzi wa kuhamia, akose fedha za wanaoanza. Vyuo vingi vinamhesabu kuwa wa mwaka wa kwanza mradi krediti alizipata kabla ya kumaliza sekondari; kiulize kila chuo unachoomba. Jazeni FAFSA, ile fomu ya kuomba msaada wa fedha wa serikali kuu, mapema, kwa sababu tangu mwaka 2024 mpango wa North Star Promise unafidia karo iliyobaki katika vyuo vya umma vya Minnesota kwa familia ambazo kipato chao kwenye ripoti ya kodi kiko chini ya dola 80,000. Na msisahau mtihani wa PSAT wa mwezi Oktoba darasa la 11, ndiyo njia ya kuingia shindano la ufadhili la National Merit. Mtoto aliye chuoni kutwa hasikii matangazo ya shule, lazima ajiandikishe mwenyewe.

Anayelenga chuo cha kibinafsi nje ya jimbo, au ambaye hana gari na basi halipiti karibu, huenda AP ikamfaa zaidi. Wengine wote, tarehe ya kuijulisha shule kwamba mtoto ataingia PSEO mwaka unaofuata ni 30 Mei, na maombi ya chuo yana tarehe yake tofauti, ambayo mara nyingi hutangulia.