Duka la miwani, presha ya macho na kauli ya mapokezi: uzoefu wangu

Miwani yao mizuri, sikatai. Fremu imekaa vizuri puani, lenzi safi. Lakini hasira niliyotoka nayo kwenye duka lile hapa Dar haijanitoka mpaka leo, na miwani haihusiki.

Nilijieleza mapema: kwenye ukoo wetu kuna glakoma, ugonjwa unaoua mshipa wa fahamu wa jicho, miaka 40 nimeshaivuka, naomba nipimwe. Kijana akaniweka kwenye mashine ya kupuliza upepo, ikasoma 17 na 18. "Presha yako nzuri mzee, glakoma huna." Imeisha hiyo.

Haijaisha! Namba chini ya 21, yaani ya kawaida, inaeleza presha ya jicho saa ileile tu. Ndani ya siku moja inapanda na kushuka, na mwenye konea (kile kioo cha mbele ya jicho) nyembamba mashine humsomea pungufu. Tena wapo ambao mshipa wa fahamu wa jicho unakufa huku presha yao ni ya kawaida. Kwa hiyo lazima mshipa wenyewe utazamwe: unawekewa matone ya kutanua mboni, unasubiri kama nusu saa, ndipo mtaalamu anachungulia nyuma ya jicho aone kile kishimo cha katikati ya mshipa, wanachokiita kikombe, kimepanuka kiasi gani. Akipata shaka, unapimwa upeo wa kuona: unakazia macho nukta moja, unabonyeza kila kitaa kinapowaka pembeni. Ni huko pembeni glakoma inakoanzia kula, bila maumivu, huku herufi za ukutani unazisoma mpaka mstari wa chini. Na kilicholiwa hakirudi. Si kama mtoto wa jicho, anayetolewa ukaona tena.

Nikamwambia, mwanangu, niangalie nyuma ya jicho. Binti wa mapokezi akadakia: "Mzee, umeambiwa huna, unataka uwe nayo?" Mbele ya foleni nzima!

Na kwenye foleni hiyohiyo mama mmoja alitoa kichupa cha deksamethasoni, matone ya steroidi ya kutuliza uvimbe, anajitilia miezi sasa kwa sababu macho yanawasha. Akaambiwa aendelee. Dawa hiyo ikitumika wiki baada ya wiki bila uangalizi, yenyewe inaweza kupandisha presha ya jicho.

Nilipanga kutoa nyota tatu. Nikiikumbuka ile kauli, moja.

Ila yule mama mtu mzima wa chumba cha ndani sitamdhulumu. Alikuwa na mgonjwa aliyekuja na timolol yake ya hospitali, matone ya kushusha presha ya jicho. Kwanza akamuuliza kama ana pumu, maana pumu na timolol havikai pamoja. Kisha akamshika mkono: tone moja tu, fumba jicho, kidole kwenye kona karibu na pua, bana dakika mbili dawa isiteremke kooni. Kama una kichupa cha pili, subiri kwanza dakika tano. Akamrudisha kufanya mwenyewe mpaka tone likaingia.

Kwa ajili yake, mbili. Miwani kanunueni. Glakoma nendeni kliniki ya macho ya hospitali, muombe mboni zitanuliwe, na siku hiyo msiende mkiendesha gari: kwa saa kadhaa utaona ukungu na jua litakuchoma.