Impala Park, Kisumu: Tathmini kwa Wanaohitaji Kimya Katikati ya Juma

Tathmini hii ninaiandika kwa ajili ya watu ambao mazungumzo, hata yale wanayoyapenda, huwamaliza nguvu, na ambao hawazipati tena nguvu hizo ila wakiwa peke yao. Si watu wenye haya, wala si watu wenye kuwadharau wenzao. Wengi wao ni walimu, wauguzi, makarani wa benki na wauzaji wa maduka, watu ambao riziki yao imo katika kusema na wengine tangu asubuhi hadi jioni. Hapa Kisumu juma la mtu wa aina hiyo haliishii kazini. Kuna chama, kuna kwaya au mkutano wa maombi, kuna jamaa waliofika kutoka mashambani, na Jumamosi ikiwadia kuna mazishi ambayo mtu mwenye utu hawezi kuyakosa, wala si ya saa moja, kwa sababu huku tunamzika mtu kwa hotuba, kwa nyimbo na kwa umati. Silaumu lolote kati ya hayo. Ninachosema ni kwamba asiyejitengea nafasi ya kimya katika juma la namna hiyo hufika Jumapili akiwa hana neno la kumpa hata mwanawe.

Hifadhi ya swala ya Kisumu, ambayo wenyeji wengi huiita Impala Park, iko ukingoni mwa Ziwa Victoria, kilomita 3 hivi kutoka katikati ya jiji, upande wa kuelekea Dunga. Ilitangazwa rasmi mwaka 1992 ili kuwalinda swala pala waliosalia katika eneo hilo huku mji ukizidi kupanuka, na husimamiwa na Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS. Ukubwa wake haufiki hata nusu ya kilomita moja ya mraba. Mgeni aliyesafiri kutoka mbali akitarajia mbuga kubwa anaweza kuondoka akinung'unika, lakini kwa haja ninayoizungumzia udogo huo ndio sifa yake ya kwanza. Huhitaji gari, huhitaji kiongozi wa msafara, huhitaji kupanga siku nzima. Unateremka kwenye bodaboda langoni, unaingia, na muda mfupi baadaye umekaa chini ya mti bila mtu wa kukuuliza lolote.

Wakati wa kwenda ni asubuhi ya siku ya kazi, na nashauri hivyo kwa sababu ya ziwa lenyewe. Nchi kavu inapopata joto mchana, upepo huvuma kutoka ziwani, maji hupata mawimbi, na katika miezi ya mvua mawingu hujikusanya hadi radi ya alasiri au ya jioni. Asubuhi hakuna hata kimoja cha hivyo: maji yametulia, mitumbwi ya wavuvi inaonekana kwa mbali, na kelele za mjini hazisikiki sana. Swala pala hutembea bila kufungiwa na wamezoea binadamu, hivyo hula majani karibu nawe bila kukujali, nawe huna sababu ya kuwaogopa wala kuwafanyia lolote. Yupo pia nzohe, swala wa majimajini ambaye ni nadra kuonekana nchini Kenya. Ndege ni wengi. Kwarara hupiga kelele juu ya miti, yangeyange hutembea ukingoni, na mdiria hukaa juu ya tawi akiyakazia maji macho. Kwa maoni yangu kumtazama mdiria kunafaa kuliko kufunga macho na kujilazimisha kutofikiri, kwa sababu akili inapata kitu kidogo cha kushika, kisichodai jibu.

Neno hilo la kutodai jibu ndilo kipimo changu kwa mahali pa aina hii. Wengi wetu tukichoka hujifungia chumbani na simu, tukaita hiyo mapumziko, ilhali kila ujumbe unaoingia ni mtu mwingine anayesubiri kusemeshwa. Ndani ya hifadhi, simu ikizimwa, hakuna anayesubiri. Nimeona kwamba mtu akikaa hivyo kwa saa moja kabla ya zamu ya mchana hurudi kazini akiwa na uvumilivu ambao usingizi wa ziada haukumpa.

Malipo ya kuingia hufanywa kwa njia ya eCitizen, mtandao wa huduma za serikali, na hilo pia ni faida, kwa kuwa unaweza kulipa ukiwa nyumbani ukafika langoni bila mjadala. Ada hutofautiana kati ya wananchi, wakazi na wageni, na huweza kubadilishwa, basi iangalie kabla ya kutoka. Anayetaka kwenda kila juma ni lazima aiweke gharama hiyo katika hesabu yake ya mwezi.

Sehemu ya vizimba, wanakofungiwa wanyama kama simba na chui, siipendekezi kwa shughuli hii. Ndiko vikundi vya wanafunzi hukusanyika, na mimi binafsi sipati utulivu mbele ya mnyama aliyefungiwa, hata nikijua kuna sababu za kumweka pale. Chukua njia ya kuelekea majini. Usibebe chakula kinachoonekana, kwa maana tumbili ni wepesi wa kunyakua, na usisogee karibu mno na maji, hasa jioni, kwa sababu ya viboko. Mbu nao huanza kazi jua linapozama; shati la mikono mirefu linafaa.

Zipo sehemu nyingine ambazo watu hunitajia. Dunga, mbele kidogo, ina mafunjo mazuri yenye ndege wasiopatikana kwingi, lakini ni ufuo wa wavuvi wanaofanya kazi, na kila mwenye boti atakukaribisha kwa moyo mweupe. Kwa mtu aliyechoka kusema, kila karibu ni mazungumzo mapya. Makumbusho ya Kisumu, yaliyofunguliwa mwaka 1980, yana miti yenye kivuli na boma la Kijaluo lililojengwa kwa mpangilio wa jadi, nayo ni chaguo la pili zuri ikiwa unafanya kazi upande ule wa mji, mradi iwe likizo au saa ambazo shule hazijafika. Msitu wa Kakamega unashinda yote kwa kina cha utulivu wake, lakini safari ya kwenda na kurudi hula sehemu kubwa ya siku, na matatu zenye muziki si mwanzo wala mwisho mwema wa mapumziko. Uweke kwa ajili ya likizo.

Jambo moja linahitaji kusemwa kwa watu wa nyumbani. Katika jamii zetu, mtu anayeaga kwamba anakwenda kukaa peke yake huzua wasiwasi, na mke, mume au mama anaweza kudhani amekasirishwa. Mweleze mapema, kwa upole, kwamba huendi kumkimbia, na umtajie saa ya kurudi. Ikiwa uchovu hauondoki hata baada ya mapumziko, na usingizi na hamu ya chakula vimepotea kwa majuma, hilo ni la kumwona daktari, si la hifadhi.

Kwa asiyepata nafasi ila Jumapili, ushauri wangu ni kufika mapema lango linapofunguliwa. Kadiri jua linavyopanda, familia na vikundi vya makanisa huingia kwa furaha yao, nao wana haki ya kuimba. Wewe uwe umeshatoka.