Uzoefu wangu na Heroes episodi ya 17: nilikaa kumtafsiria baba, nikafika mahali nikanyamaza

Wadau naomba niiongelee hii episodi moja tu, maana toka Jumamosi haijanitoka kichwani, niko kwenye daladala natoka Igoma huku Mwanza naiwaza, niko kazini naiwaza. Sizoni yenyewe ni ya zamani, Heroes, ile ya NBC ya Marekani iliyoanza Septemba 2006 ikaenda mpaka 2010, najua wengi mliimaliza enzi za dividii ila mi kipindi hicho nilikuwa bweni ikanipita, sasa hivi ndo naifukuzia. Episodi ninayosema ni ya 17 kwenye sizoni ya kwanza, inaitwa Company Man, kwao ilirushwa tarehe 26 Februari 2007. Na niseme mapema nitaeleza mpaka mwisho wake, kama hujaiona na hupendi kuambiwa ishia hapa, nenda kaiangalie halafu urudi.

Nimeiweka kwenye flashi laibrari moja ya muvi huku kwetu, sizoni nzima episodi 23 kwa buku tatu. Mara ya kwanza jamaa alinipa ile iliyoingizwa Kiswahili juu nikairudisha. Sina ugomvi na watafsiri, muvi za ngumi wananogesha sana, ila kwenye kitu kama hiki mtu anaongea juu ya kila kimya, stelingi akimwangalia mwanae bila kusema neno mtafsiri anakujazia maneno yake, na humu ndani vile vimya ndo utamu wenyewe. Nikamwambia nipe ya Kiingereza yenye maandishi chini, nitajitafsiria nyumbani. Sikujua naingia kwenye nini.

Nyumbani ni Igogo, juu kule kwenye mawe, tunaona ziwa mpaka kule mbali. Jumamosi usiku mvua ikaja kutoka ziwani, ile ya upepo, na paa letu la bati unajua mwenyewe, hata ukiweka sauti mwisho husikii kitu. Baba alikuwa hajatoka, siku zingine jioni anashuka kuongea na wenzake, ni fundi wa injini za boti pale Mwaloni Kirumba miaka yote. Kiingereza hajui kabisa, anajua majina ya spea tu. Akaniambia mayu, yaani mama kwa Kisukuma, ndo anavyoniita, hebu niambie hao watu wanasema nini. Basi nikasogeza kigoda karibu yake nikawa nasoma yale maandishi namwambia sikioni kwa Kiswahili, sentensi kwa sentensi, mvua inapiga juu.

Kwa ambao hawajui stori, kuna watu sehemu mbalimbali duniani wanajikuta na uwezo wa ajabu, mmoja anapaa, mmoja anasimamisha muda, na kuna binti wa shule anaitwa Claire, anakaa Odessa huko Texas, yeye mwili wake unajiponya, avunjike shingo au aungue inarudi. Baba yake ni Bennet, mzee wa miwani mikubwa, familia inajua anafanya kazi kiwanda cha karatasi kumbe kampuni yake kazi yake ni kuwawinda watu wa aina ya binti yake, wanawakamata, wanawawekea alama, wanawaachia wakiwa hawakumbuki lolote. Ana mwenzake wa Haiti anayefuta kumbukumbu kwa kukuwekea mkono kichwani. Na Claire si wa kumzaa, alimchukua akiwa mchanga. Mimi episodi 16 zote huyu mzee nilimchukia kabisa, mtu mkewe mwenyewe anamfutisha kumbukumbu mara kibao mpaka mama wa watu anaugua kichwa. Mama alikuwa anapita na beseni la dagaa akasimama mlangoni, nilipomwelezea hiyo akasema huyo mwanamke wamemuonea sana, akaenda zake jikoni.

Sasa episodi hii inaanza familia inarudi nyumbani inakuta watu wawili wamekaa sebuleni wanawasubiri. Matt, askari wa Los Angeles anayesikia mawazo ya watu, na Ted, huyu mwili wake unatoa mionzi, akipandwa hasira mikono inawaka kama chuma cha mhunzi. Wanataka kujua kampuni iliwafanya nini. Ted jamani, mi siwezi kumwita adui, mkewe alikufa kwa kansa iliyotokana na mionzi ya mwili wa Ted mwenyewe, mtu amemuua anayempenda kwa kulala naye kitanda kimoja tu. Ukimwangalia macho yake unaona kabisa hana cha kupoteza na ndo maana anatisha.

Kilichonishika kwanza, wale wengine wote hawapo. Hiro mkubwa, yule wa kusimamisha muda, hayupo, wale ndugu wa New York ambao mmoja ndo anayepaa hawapo, hakuna kurukaruka nchi hii na ile kama episodi zingine ambapo kila mtu anapewa dakika tatu halafu wanakukata. Ni nyumba moja, familia moja, na ya zamani ya Bennet yanakuja kwa rangi nyeusi na nyeupe. Aliyeandika ni Bryan Fuller, mwongozaji Allan Arkush, na wameandika kama watu walioamua hapa hatukimbii. Baba ilipokuja picha ya kwanza isiyo na rangi akasema mwenyewe "hapo ni zamani", sikuhitaji kumweleza.

Kuna mahali Ted kapandisha, anataka kumpiga risasi mama wa nyumba. Bennet mikono hana cha kufanya, lakini anajua Matt anasikia mawazo, basi anamwambia kimoyomoyo mpige Claire. Matt anashangaa, mzee anarudia, mpige Claire. Na Matt anafyatua. Binti anaanguka pale mbele ya mama yake na mdogo wake ambao hawajui kwamba atapona. Baba yangu alinyanyuka kabisa kwenye kiti. Kamuua mwanae! Nikamwambia hapana baba, anajua atapona, angempiga mama asingepona, kapiga hesabu. Akakaa. Akakaa kimya muda mpaka nikajua ameelewa tumesonga mbele, halafu akasema "Sawa atapona, lakini risasi kaisikia." Mi nilishapita pale, nilishaona ni ujanja wa stelingi na nikaufurahia, yeye ndo akanirudisha. Kweli, Claire anapozinduka chumbani ule uso si wa mtu aliyeokolewa, na Jack Coleman anayecheza Bennet hapo anaonyesha mtu anayelijua hilo. Huyu jamaa alianza kama mwigizaji wa kuja na kupita tu wakampandisha akawa wa kudumu, na ukiangalia episodi hii unajua kwa nini. Halafu fikiria mpaka hapo hatujaambiwa hata jina la kwanza la Bennet.

Nikija kwenye ile niliyosema nilinyamaza.

Ni ya zamani, haina rangi, Bennet yuko juu ya paa la ghorofa na mzee wa Kijapani, Kaito, George Takei ndo kaigiza, ana sauti nzito huyo mzee. Kwa pembeni kuna katoto ka kiume, na ukiwa umeangalia toka mwanzo utakatambua ni nani, ule mshtuko sikuharibii. Kaito anampa Bennet mtoto mchanga. Ndo Claire. Na anamwambia mlee kama wako ila si wako, ni wetu, siku akionyesha uwezo tutamchukua.

Maandishi yalikuwa yanapita pale chini na mimi mdomo haukufunguka.

Niwaambie ukweli tu. Huyu ninayemwita baba ni baba mkubwa wangu. Baba mzazi ni mdogo wake, alivuka kwenda Geita kwenye machimbo nikiwa sijafikisha mwaka, mama yangu mzazi alishatangulia mbele za haki, basi baba huyo akaniacha hapa Igogo akasema atanifuata, hakunifuata. Nimeyajua haya nikiwa darasa la sita kwa mdomo wa jirani kisimani, si wa nyumbani. Nyumbani hatujawahi kuliongelea hata siku moja, miaka yote hiyo, mimi nikijua na nikijua kwamba wanajua ninajua. Sasa nimekaa kwenye kigoda natakiwa nimwambie kwa mdomo wangu "mlee kama wako ila si wako". Ningewezaje.

Akaniuliza wanasemaje hapo. Nikamwambia wanampa mtoto. Akasema "Hilo naliona, wanasemaje?" Nikasema wanamwambia amlee. Akaitikia hivi mmh, akaendelea kuangalia, na Bennet pale kwenye skrini alikuwa anamshika yule mtoto kama mtu anayeshika kitu cha kuazima, mikono mbali na kifua, na kabla ile sehemu haijaisha mikono imeshakuja kifuani. Hawakuonyesha kwa maneno. Sijui kama waliipanga au mwigizaji mwenyewe aliamua, ila hicho mimi ndo nilichokiona, na ndo maana nasema ile nakala yenye mtu anaongea juu ingeniua hiyo.

Upande wa moto nisimalize sana maneno. Bosi wa kampuni, Thompson, anaingia anampiga Ted risasi, kitu ambacho kiukweli ni cha kijinga kwa mtu mwenye cheo kama chake, unampigaje risasi mtu ambaye akishtuka analipuka, ni mwandishi alitaka nyumba iungue tu. Ted anaanza kuwaka anashindwa kujizuia, nyumba inashika moto, mtu inabidi aingie amchome sindano ya usingizi. Bennet anataka kuingia yeye, ambaye hana uwezo wowote, angekufa, na anaelewa. Claire anamchukulia ile sindano anaingia yeye. Anatoka kwenye moto ngozi yote imeungua halafu inarudi taratibu huku anatembea. Kwa mwaka 2007 na kwa tivii ile picha haijachakaa, mi nimeona muvi za juzi moto wake mbaya kuliko ule. Ninachowalaumu ni yule mdogo wake Claire, Lyle, wamemfanya kama kabati tu humo ndani, mtoto wa kiume nyumba inaungua dada yake amepigwa risasi hapewi hata dakika moja ya kwake. Na Matt, kila dakika tano anabadilika upande, nimemchoka.

Shida ni kwamba Claire akitoka kwenye moto akiwa anapona, Thompson anaona kwa macho yake. Sasa ile siku ya Kaito imefika. Bennet anaambiwa amlete.

Anampakia kwenye gari anaenda naye hadi darajani usiku. Na daraja tulishaliona, kule kwenye ya zamani kulikuwa na mwenzake wa kazi, Claude, mtu asiyeonekana, kaigiza Christopher Eccleston, na Bennet aliamriwa ampige risasi darajani na akampiga. Kwa hiyo gari linaposimama darajani moyo unakwenda mbio, unasema huyu ni mtu wa kampuni, ameshawahi kufanya. Kumbe pale anasubiriwa na yule wa Haiti, wamepanga. Bennet anamkabidhi binti, amtoroshe, kisha anamwambia mwenzake ampige risasi yeye ionekane kanyang'anywa, na amfute kumbukumbu mpaka ndani kabisa ili kampuni wakimchimba kichwani wasikute mtoto yuko wapi.

Hapo nilitafsiri yote. Baba akauliza kwa hiyo atasahau? Nikamwambia ndiyo, anaomba mwenyewe asahau alipo mwanae. Mvua ilikuwa imeanza kupungua. Juni 2025 daraja la Kigongo–Busisi lilipofunguliwa tulivuka naye kwenda msibani Sengerema, kilomita 3 za maji huku na huku, na njia ile ndo ya Geita, ndo aliyopita mdogo wake enzi za kivuko. Siku ile alikaa dirishani hakuongea mpaka tulipogusa nchi kavu upande wa pili. Nikaja kuikumbuka ile safari Jumamosi hii.

Ikaisha, majina yanapanda. Mi nikachukua rimoti nizime. Akaniambia rudisha pale juu ya ghorofa. Nikarudisha, nikahangaika kidogo maana flashi inaruka dakika kumi kumi, nikapapata. Nikavuta pumzi nikaanza, nikasema huyu mzee anamwambia... Akaniwekea mkono begani akasema "Acha mayu, nimeelewa toka mwanzo." Tukaiangalia vile vile, bila sauti karibu, mpaka ile mikono ilipofika kifuani. Mama alikuja akatukuta tunaangalia kitu kilekile akauliza kwani umeme ulikatika? Baba akamwambia njoo ukae.

Sasa kwa anayetaka kuiangalia, usianze na hii hata mtu akikwambia ndo kali kuliko zote, hutasikia kitu, anza ya kwanza uje nayo polepole umchukie kwanza Bennet kama nilivyomchukia mimi. Chukua yenye sauti yake na maandishi. Nimesikia sizoni ya pili ilikatwa ikawa episodi 11 tu kwa sababu ya mgomo wa waandishi huko Marekani, hiyo nitawaambia nikifika. Ya 18 ipo tayari kwenye flashi ila sijaigusa, nimeambiwa nisiifungue mpaka Jumamosi, mama naye anataka kuanza ya kwanza.