Gitaa la Umeme Lililochongwa kwa Agizo, Likipimwa na la Zamani

Wengi wanaomwagiza fundi gitaa la umeme hutafuta sauti ambayo hawajaipata dukani. Mimi nimelipiga gitaa langu jipya mazoezini na jukwaani, sambamba na lile la kiwandani nililolitumia kwa miaka mingi, na uamuzi wangu ni kwamba faida kubwa ya gitaa la kuagiza iko shingoni, pale unapokaa mkono unaobana nyuzi. Kwa upande wa sauti faida ipo, ila ni ndogo kuliko inavyosifiwa, na kwa namna fulani ya upigaji gitaa la zamani bado linaongoza.

Gitaa hilo la zamani lina umbo lililoanzishwa na Stratocaster, gitaa la kampuni ya Fender, mwaka 1954: pikapu tatu (vinasa vya sumaku vinavyogeuza mtetemo wa nyuzi kuwa umeme) za koili moja moja, yaani waya uliozungushwa, daraja linaloshika nyuzi mwilini lenye springi mgongoni, na nyuzi zinazotetema katika urefu wa milimita 648. Ubao wake wa vidole umebinuka kama sehemu ya duara yenye nusu kipenyo cha milimita 184. Mbinuko huo humfaa sana mpigaji wa rithim anayekaa karibu na kichwa cha gitaa, kwa kuwa kidole kimoja huweza kulala juu ya nyuzi zote bila kutumia nguvu nyingi. Mpigaji wa solo, hata hivyo, akivuta uzi mwembamba katika freti (vijiti vya chuma vilivyopachikwa ubaoni) za juu ili noti ipande, uzi hukwea mgongo wa ubao, ukagusa freti zilizo mbele yake, na noti ikakatika ghafla. Dawa iliyozoeleka ni kuziinua nyuzi darajani, lakini nyuzi zikiwa juu mkono huchoka mapema na noti huelekea kupotoka kidogo zinapobanwa.

Fundi niliyempa kazi alitaka kuliona gitaa hilo kabla ya kujadili mbao wala rangi, na hapo ndipo nilipoanza kumwamini. Alipima kwa kalipa unene wa shingo katika freti ya kwanza na ya kumi na mbili, akachunguza ni freti zipi zimelika zaidi ili ajue vidole vyangu hukaa wapi, akauliza ninatumia nyuzi za unene gani na kama ninapiga kwa vidole au kwa piki. Baadaye alileta mchoro wa ukubwa halisi, ambao niliweza kuupakata na kuukosoa. Udhaifu wa huduma yake ulikuwa katika mawasiliano: kazi ilichelewa kupita muda tuliokubaliana, na taarifa nilizipata kwa kuuliza, hazikuja zenyewe. Mtu anayelihitaji gitaa kwa tarehe maalumu angeumia.

Shingo yenyewe imefidia mengi. Tuliuacha urefu wa nyuzi uleule wa milimita 648 ili vidole visilazimike kujifunza upya nafasi za freti, lakini mbinuko wa ubao sasa unabadilika: karibu na kichwa nusu kipenyo ni milimita 254, na kadiri ubao unavyoelekea mwilini unanyooka hadi kufikia milimita 406. Matokeo yake ni kwamba kodi za chini, yaani noti kadhaa zinazopigwa kwa pamoja, bado zinabanika kwa urahisi, na kule juu uzi unaweza kuvutwa kwa toni nzima na zaidi bila noti kufa, ingawa nyuzi ziko chini kuliko zilivyo katika gitaa la zamani. Freti ni za chuma cha pua kisichoshika kutu, tofauti na zile za kawaida zilizotengenezwa kwa mchanganyiko wa shaba, nikeli na zinki, ambazo baada ya muda huchimbika chini ya nyuzi. Uzi unateleza juu ya chuma hicho kwa ulaini usio na mkwaruzo wowote, na mtetemo wa kidole unakuwa na usawa ambao sikuwahi kuupata awali.

Ubao wa vidole ni wa mpingo, mti mgumu na mzito ambao mafundi wa klarineti na zumari wameutegemea kwa muda mrefu, na uso wake uliosuguliwa hauhitaji vanishi. Ni vyema anayeagiza aulize mapema juu ya asili ya mbao hii, kwani tangu mwaka 2017 miti yote ya jenasi ya Dalbergia, mpingo ukiwemo, imo chini ya udhibiti wa CITES, mkataba wa kulinda viumbe walio hatarini, katika biashara ya kimataifa, ijapokuwa ala za muziki zilizokwisha kutengenezwa zilipewa msamaha mwaka 2019.

Katika kulinganisha sauti nilijitahidi kuondoa kila kinachoweza kudanganya sikio. Magitaa yote mawili yalifungwa nyuzi mpya za aina moja, yakapigwa kwa kebo moja na amplifaya moja, na nilisawazisha ukubwa wa sauti kila nilipobadilisha, maana lile linalotoa sauti kubwa zaidi daima huonekana bora hata kama halina ubora wowote wa ziada. Gitaa jipya lina pikapu mbili za koili pacha, ambazo koili zake zimefungwa kinyume ili kuua mvumo wa umeme. Amplifaya inapokorofishwa kwa sauti nzito, gitaa hili linashinda waziwazi, kwani ni kimya kati ya noti na noti hudumu, wakati lile la zamani huvuma hata mkono unapopumzika.

Hali inageuka pale sauti inapotakiwa kuwa safi. Kuna swichi ya kuzima koili moja katika kila pikapu, na fundi aliongeza rezista (kipande kinachozuia sehemu ya umeme) ili koili inayobaki ione mzigo wa kiloomu 250, kama katika gitaa la zamani, badala ya 500 unaozifaa koili pacha. Ni kazi ya uangalifu, na bila hiyo sauti ingekuwa kali ya kuumiza. Hata hivyo, koili hiyo ni nusu ya pikapu iliyoundwa kwa kusudi jingine, na sumaku yake imelala chini ya koili, ilhali katika pikapu za zamani sumaku zenyewe husimama ndani ya koili zikitazama nyuzi. Noti za solo ya haraka, zile zinazopaswa kudondoka moja moja zikiwa kavu na zenye kung'aa, gitaa la zamani linazitoa kwa uwazi ambao jipya halijaufikia. Pikapu ya katikati ya gitaa la zamani ikichanganywa na ya shingoni, tofauti huwa kubwa zaidi, na mwenzangu aliyesikiliza akiwa ametupa mgongo alilitambua la zamani kila mara.

Mwili wa mkangazi umetobolewa vyumba ndani, kwa hiyo ni mwepesi begani. Sioni sababu ya kuupa sifa nyingine, isipokuwa kwamba umepakwa kwa usafi.

Kwa anayepiga solo kwa kuvuta nyuzi, au anayetumia sauti nzito, ningependekeza aagize bila kusita, mradi atumie muda wake mwingi kujadili shingo na amwachie fundi mambo ya urembo. Mpigaji wa rithim safi atafaidika zaidi akilitengeneza alilo nalo. La kwangu la zamani nimekwisha kumkabidhi fundi huyohuyo alisawazishe ubao na kulivika freti za chuma cha pua, kwa sharti kwamba pikapu zake asiziguse.